Karavani Iliyokatazwa Kuegeshwa

Ndugu zangu wa Mesquite na Dallas nzima, ile picha mliyoiona kwenye kundi la kanisa ni ya kweli. Yule aliyejikunja ndani ya kihema cha watoto, miguu ikibaki nje kwenye nyasi, ni mimi Wekesa. Lakini yale mliyoyaongeza, kwamba Naliaka alinifukuza, kwamba tulipigana huko Galveston, kwamba sasa nalala kwenye trela langu, hayo mmejipikia wenyewe. Jumapili iliyopita wazee wawili walinishika mkono mlangoni wakaniombea ndoa. Nimeombewa, asanteni sana. Sasa kaeni niwaambie ilivyokuwa.

Mnamfahamu mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu kutoka Bungoma, maana alikaa kwa jirani yetu Mama Brenda tangu aliposhuka kwenye ndege. Wengine mlishangaa mbona halali kwa binti yake, na sisi tuna chumba. Wa kwetu hamkushangaa. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na akiwa na neno la kumwambia anamtuma mtu, hata kama wote wawili wamo chumba kimoja. Huo si ugomvi, ni heshima, na heshima ikizidi ndivyo na umbali unavyozidi. Mimi mama mkwe wangu ananiheshimu kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa, Naliaka hajakanyaga nyumbani miaka kumi na miwili. Mambo ya makaratasi mnayajua. Baba yake alizikwa yeye akitazama kwenye simu, ameketi garini nje ya hospitali, akasubiri wimbo wa mwisho uishe ndipo akaingia zamu. Kwa hiyo mama yake alipopata visa, mke wangu hakuomba makubwa. Aliniambia, "Nataka nilale chumba kimoja na mama hata mara moja. Nimsikie akikoroma." Na kati ya zamu zake za usiku na nyumba ya Mama Brenda, siku zilikuwa zinakwisha na hajamsikia.

Ndipo mimi, mjuaji, nikaja na wazo la karavani. Hoteli hazingewezekana, Mama hapandi lifti. Lakini karavani, nikasema, ni gari. Mimi ni mtu wa trela, nalala garini wiki nzima, na sijawahi kusikia mama mkwe amekatazwa kupanda gari la mkwe wake. Twende tukazunguke kisiwa cha Galveston, tulale kwenye kambi za karavani, Mama aione bahari. Naliaka alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya." Hiyo haya yake ningeisikiliza vizuri, nisingekuwa naandika leo.

Mesquite hadi Houston

Mambo ya kukodi siyasimulii, yanachosha. Tuseme tu kwamba niliwasha ile nyumba-gari kwa majivuno, kofia kichwani, na majirani wakatoka kuangalia. Mama alikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, mkanda amefunga. Katikati yetu alikaa Tabitha, binti yetu wa miaka kumi na mitano, ambaye ndiye aliyekuwa posta. Mama akisema jambo kwa Kiswahili kule nyuma, Tabitha analileta mbele kwa Kiingereza, amevaa visikilizi masikioni na amechoka na maisha.

Tulikuwa na chapati, kuku wa kukaanga na chupa mbili za chai, na tungeweza kufika Houston bila kusimama. Nikasimama kwa kiburi changu kwenye kile kituo cha mafuta kikubwa kuliko soko la Chwele kule Bungoma, nimwonyeshe Mama. Akapotea. Tulimtafuta kwenye nyama kavu, kwenye kofia, kwenye vyombo vya bustani, Naliaka ameanza kuomba kwa sauti. Kumbe Mama yuko msalani, ameshikana mikono na dada anayesafisha, anampongeza. Ujumbe ukanifikia mbele kupitia posta: mwambieni baba Tabitha kwamba vyoo vile ningepewa mimi, ningevifanya madarasa.

Kuingia Houston magari yalijaa mpaka tukawa tunasogea kama watu wa foleni ya benki. Mama akauliza kama kumetokea ajali au hawa watu wanaishi hivyo. Nikamtuma Tabitha amwambie wanaishi hivyo. Mpaka hapo, wapendwa, safari ilikuwa tamu, na mimi nilikuwa shujaa.

Houston, gari linazaa sebule

Tulifika kambini jua likiwa bado juu. Mwenye kambi akatuonyesha mahali petu, nikachomeka stima, nikaunga mpira wa maji, nikaunga na ule mpira mwingine nisioutaja mbele ya wanaokula. Mama amesimama kando anatazama kila kitu kama mkaguzi wa shule. Halafu mimi, kwa kutaka sifa, nikabonyeza kile kitufe.

Wale mliowahi kupanda karavani mnakijua. Ukuta mzima unasukumika nje taratibu, unanguruma, na pale palipokuwa na njia nyembamba panapatikana chumba, na kochi lake na meza yake. Nilikuwa nimeikodi kwa sababu ya kitufe hicho. Mama aliitazama sebule ikitoka mpaka ikakoma. Kisha akachukua kiti cha kukunja, akakipeleka mbali chini ya taa ya barabara, akaketi, akaweka mkoba mapajani.

Naliaka alimfuata, wakanong'ona, akarudi uso umemshuka. Mama alikuwa amesema hakuna gari la namna hiyo. Gari haliungwi maji. Gari halina zulia. Ile ni nyumba ya baba Tabitha, ndani mna kitanda cha baba Tabitha, na yeye ni mtu mzima, haingii humo kulala. Atakaa pale kitini mpaka asubuhi, kisha apelekwe kituo cha basi arudi kwa Mama Brenda.

Nikajaribu kujitetea kwa Tabitha, kwamba ina namba za gari, ina usukani. Akatoa kisikilizi kimoja. "Dad, it's a house," akasema, akakirudisha.

Nikampigia Papa Bahati. Huyu tulifanya kazi pamoja kwenye ghala la Mesquite kabla hajahamia Houston. Ni mtu wa Uvira, mlokole, na watoto wake ni wengi kuliko viti vyake. Nilimwita kwa siri, nikitumaini atakuwa hakimu upande wangu, maana Mkongomani ameishi kambi za wakimbizi na mahemani, anajua watu kubanana. Akaja na mkewe, na sufuria ya sombe, kisamvu chao, na samaki wa chumvi. Akaingia, akazunguka, akafungua mlango mmoja mdogo, akachungulia, akaufunga. Akatoka akifuta jasho.

"Ndugu Wekesa, mutuka haina choo," akaniambia, na mutuka kwao ni gari. "Kitu yenye iko na choo, ile ni nyumba. Mama iko na haki."

Mama, kule chini ya taa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu nzuri. Basi tukala sombe na bugali nje, mimi upande huu, yeye upande ule, na baadaye Mama akaenda kulala kwa Papa Bahati, kitanda kimoja na mabinti wa watu. Naliaka alitaka kumfuata lakini hapakuwa na hata pa kuweka mguu. Alilala kwenye karavani nzuri, sebule imetoka, ameupa uso ukuta. Sikumgusa. Nilijua ningeambiwa nini.

Kisiwani

Asubuhi mke wa Papa Bahati ndiye aliyemshawishi Mama. Alimwambia bahari iko karibu, mtu hawezi kufika mlangoni pa bahari akarudi. Mama akakubali kwa masharti: ile sebule isitoke tena, na baba Tabitha asilale humo. Nikakubali kabla Tabitha hajamaliza kutafsiri. Tukapita dukani nikanunua hema. Lililobaki lilikuwa la watoto, lina picha za samaki, lakini sikuwa na moyo wa kuchagua.

Daraja la kuingia Galveston ni refu, na maji yako pande zote mbili. Nilipunguza mwendo ili Mama aone. Akaona. Akasafisha miwani, akaona tena. Kisha ujumbe ukaja mbele kwamba hiyo si bahari, huo ni mto Nzoia uliokosa ukingo. Na kweli maji ya pale ni ya udongo, siwezi kumpinga. Naliaka alicheka mpaka akalia, na nikaona angalau hiyo tumepata.

Kambi ya kisiwani ilikuwa nzuri, ufuko hatua chache tu. Jirani yetu alikuwa mzungu mzee anayeitwa Randy, ndevu nyeupe, mbwa mdogo, na pipa la chuma lililokuwa likitoa moshi tangu asubuhi. Aliniona nikipiga kihema cha samaki kando ya karavani ya kifahari. Aliniona nikiingiza kichwa ndani na miguu ikikataa. Alikuja na sahani ya nyama ya ng'ombe laini mpaka unaikata kwa macho, akachuchumaa, akaniambia kwa upole kwamba hata yeye amewahi kulala nje, na kwamba wanawake wanapenda maua.

Nikamweleza si mke, ni mama mkwe. Hilo lilimgusa zaidi. Alinishika bega, macho yakamlowa, akasema pole sana, wake alikuwa vilevile. Kabla sijamzuia alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Mama, kofia ameivua, akaanza kuniombea msamaha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa Kiingereza cha darasani, polepole, kila neno likisimama peke yake. Alimwambia kwamba hakuna aliyekosana na mtu, na kwamba yule kijana yuko kwenye nyasi kwa sababu anaheshimiwa sana. Randy aliirudisha kofia kichwani, akanitazama mimi, akamtazama Mama, akaenda kukaa na mbwa wake.

Usiku wenyewe sina cha kusimulia ila mbu. Lakini asubuhi Naliaka alitoka akaketi kwenye ngazi, na niliposogea niliona macho yake mekundu.

"Hakulala," akaniambia. "Ameketi kiti cha mbele usiku kucha, mkoba mapajani. Anasema hawezi kufumba macho na mtu wa watu yuko kwenye nyasi. Wekesa, mrudishe tu Dallas kesho. Nimechoka kumtesa mama yangu."

Nikarudi kujikunja kwenye kihema, na ndiyo saa hiyo Tabitha alipotoka akapiga ile picha. Alidhani anaituma kwa rafiki yake. Mlivyoipata ninyi, mjulishane.

Mvua

Siku hiyo baada ya chakula mbingu ilifungwa nyeusi kutoka upande wa bahari. Sikuwa na wasiwasi, nimeendesha kwenye theluji ya Oklahoma. Lakini mvua ya pale hainyeshi, inamwagwa. Hema la samaki liliogelea dakika chache likakata roho. Nikasimama nje, mfuko wa takataka kichwani. Naliaka akafungua mlango akaniita niingie, na mimi kweli nikaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

Mama akainuka. Hakukasirika. Alichukua tu mwavuli, akashuka kwa mlango wa mbele, akaenda kusimama upande wa pili wa karavani, ndani ya mvua, ili mimi nipate kuingia kwangu. Ningeingiaje? Nikashuka nikarudi upande wangu. Basi tukawa hivyo, watu wazima wawili, yeye kushoto mimi kulia, tunaloa kwa adabu, na katikati yetu karavani nzima imewashwa taa, kitanda kimetandikwa, ndani yake mke wangu amejishika kichwa. Randy alitazama dirishani kwake. Nilimwona akifunga pazia.

Nawaambia ukweli, hapo niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya mvua. Nilimleta mama wa watu kwa ujanja. Nikawa najiambia nikachukue funguo tuanze safari ya kurudi saa hiyohiyo.

"Dereva."

Nikageuka kutafuta dereva. Mama alikuwa amezunguka mbele ya karavani, mwavuli umepinduka, ananitazama mimi. Usoni. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunitazama hivyo.

"Dereva, nasema na wewe," akasema. "Gari likitembea ni gari. Likisimama likaungwa stima na maji ni nyumba. Ng'oa hizo nyaya. Ng'oa na huo mpira. Washa twende."

"Twende wapi, Mama?"

"Popote. Wewe usisimame tu."

Sijawahi kung'oa vitu haraka namna ile. Nilipanda nikiwa nimelowa mpaka soksi, nikawasha, na Mama akapanda nyuma kama abiria aliyelipa nauli yake. Naliaka akampa taulo. Tabitha, kwa mara ya kwanza safari nzima, alitoa visikilizi vyote viwili.

Kuzunguka

Mkiniuliza kama nimezunguka kisiwa cha Galveston, nitawaambia nimekizunguka kuliko mtu yeyote aliyezaliwa pale. Nilikwenda na barabara ya ukuta wa bahari mpaka mwisho wa nyumba zile zilizosimama juu ya nguzo, nikageuza. Nikarudi mpaka mjini, nikapita makanisa, nikapita bandari, nikageuza. Mafuta yaliyoungua siyataji, mke wangu atasoma hii.

Kila taa nyekundu, sauti kutoka nyuma: "Dereva, mbona tumesimama?"

"Taa nyekundu, Mama."

"Basi usizime."

Njaa ilipotushika nilipita kwenye lile dirisha la kuuza kuku pasipo mtu kushuka, na yule kijana wa dirishani aliniomba nizime injini kidogo asikie oda yangu. Nikamwambia haiwezekani, nyuma kuna mama mkwe. Akanitazama. Nikapiga kelele oda yote, nikapewa samaki badala ya kuku, tukala samaki. Mama alisema ni mzuri ila hajakolezwa chumvi, na alinituma mimi mwenyewe, moja kwa moja, nimpe chumvi. Nikampa chumvi kwa mkono wangu. Dereva anaruhusiwa.

Halafu katika mzunguko mmoja nikaona taa nyekundu imetusimamisha na hakuna aliyeniuliza. Nikatega sikio. Juu ya mvua na juu ya injini kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya polepole, inapanda, inakatika, inaanza upya. Nikatazama kwenye kioo. Mama alikuwa amefungwa mkanda kwenye kiti kirefu, kichwa kimeangukia bega la Naliaka, mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Naliaka hakuwa amelala. Alikuwa ameketi wima asimsumbue, machozi yanateremka na anatabasamu, na aliponiona kwenye kioo aliweka kidole mdomoni.

Taa ikawa ya kijani. Nikaondoa gari taratibu, nikaendesha. Niliendesha mpaka mvua ikaisha na bado nikaendesha.

Feri

Asubuhi ilinikuta kwenye foleni ya ile feri inayovusha magari kwenda ng'ambo. Nilikuwa nimefika hapo kwa kukosa barabara nyingine ya kuzunguka. Tulipopanda, mfanyakazi mwenye koti la njano akapita akiamuru kila mtu azime injini. Huyo hakubembelezeka. Nikazima, na kabla ufunguo haujatoka nilikuwa nimeshuka. Mama naye ameamka, ameshuka. Nikasimama ukingo wa kulia, yeye wa kushoto, magari katikati.

Nikaona pomboo. Mmoja, halafu watatu, wanaruka upande wangu tu, karibu mpaka unasikia wakipumua. Na Mama upande ule anatazama meli ya mafuta. Tabitha na Naliaka walikuwa bado ndani, posta imefungwa. Nikafikiri, mtu ametoka Bungoma mpaka hapa, akose kuwaona hawa?

"Abiria!" nikaita. "Abiria, njoo uone!"

Watu wote wakageuka. Mama akaja, akipita kati ya magari, mkoba mkononi. Alisimama kwenye ukingo uleule niliosimama, tukiwa tumeachiana nafasi ya mtu mmoja, akatazama. Pomboo wakaruka. Akacheka, kicheko cha msichana, nikajua mke wangu alikitoa wapi.

"Baba yake angewaona hawa," akasema. Hakunitazama. "Alikuwa anapenda vitu vya maji."

Nikamwambia, "Naliaka aliumia sana kukosa mazishi."

"Najua. Amenieleza jana tukizunguka. Tumeongea mpaka nikalala." Akahamishia mkoba mkono wa pili. "Umeendesha sana, dereva. Ukifika ng'ambo nenda ukalale humo ndani. Sisi tutatembea ufukoni."

Nikalala humo ndani, kitandani kwangu, wao wakiwa ufukoni. Niliamka jua limepanda. Mtu alikuwa amenifunika kanga ya Mama, na mpaka leo Naliaka anaapa si yeye.

Kuagana

Kurudi hakukuwa na kisa. Randy tulimpitia, akatupa nyama ya njiani na akampigia Mama saluti. Usiku uliobaki Mama alilala kwa Mama Brenda, kama desturi, mnaweza kumuuliza.

Siku ya ndege nilisimama mbali kule uwanjani, karibu na mikokoteni, kama inavyonipasa. Naliaka na mama yake walishikana muda mrefu, na sikuwatazama kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufuta macho yangu. Kisha Mama akachukua mkoba. Badala ya kufuata mlango akaja upande wangu, akasimama nafasi ya mtu mmoja kutoka nilipo.

"Dereva," akasema.

"Naam, Mama."

"Umenibeba vizuri. Sasa ukifika nyumbani nisalimie mkwe wangu. Mwambie nimelala kwake, na nimelala vizuri."

Nikamwambia nitamfikishia.